Supu ya mama pale jirani na mahakama Iringa: chakula nyota nne, hukumu za mezani nyota mbili

Kamwene wadau. Kila baada ya siku mbili tatu naona mtu anauliza, nakuja Iringa nina kesi mahakamani nile wapi, afu anayemjibu ni mtu hajawahi kukaa benchi la mahakama toka saa mbili asubuhi na njaa, anamtuma mwenzie kwenye hoteli za Gangilonga huko unaagiza chipsi kuku unakaa unasubiri mpaka kesi yako inaitwa na wewe haupo. Ngoja niseme mimi ambaye nakula maeneo yale kila siku ya kazi. Nina kibanda cha kutoa kopi na kuchapa barua jirani na mahakama toka 2012, na miaka yote hiyo chai ya saa nne na chakula cha mchana nakula kwa mama mmoja mwenye banda la mabati, halina bango wala kwenye ramani ya simu halipo, we uliza tu "kwa mama wa supu" boda yeyote anakufikisha. Jina simtaji mana huku chini nina lalamiko langu la bili na sitaki kesho ninyimwe mchuzi.

Nianze na supu. Ipo ya ng'ombe na ya utumbo, sufuria linabandikwa saa kumi alfajiri kwenye kuni, ukifika saa moja mfupa unaachia nyama wenyewe bila kugombana nao. Iringa mwezi wa sita na wa saba baridi inakata masikio, wageni wa Dar wanaingia pale wamejikunyata kama kuku wa mvua, mtu akiletewa bakuli anaanza kulikumbatia kwa viganja viwili hata kijiko hajagusa, sisi wenyeji tunamwangalia tu tunacheka. Bakuli 3000, ndimu na pilipili mbuzi vipo mezani unajihudumia. Chapati 500, zile za kusukuma kweli za tabaka tabaka, ukivuta zinachanika zenyewe sio zile unatafuna kama umekula ndala. Mchana ugali na kambale mkavu wa Mtera, anamuunga na karanga, pembeni mnavu, 4000 yote. Huo mnavu ndo kitu namsifia kuliko vyote, wengi wanauchemsha mpaka unakuwa uji, yeye anauacha na ule uchungu wa mbali mbali, ndo mnavu sasa.

Wali msiagize. Una mawe, na sijawahi kuelewa kwa nini wakati Pawaga hapo chini watu wanavuna mchele mzuri tu. Maji ya kunawa ya baridi mno, ndoo yenye koki imewekwa nje upepo unapopita, unanawa vidole vinakufa. Lipa namba haipo, mama anasema ile mitandao inamla makato, kwa iyo beba keshi na beba chenji.

Sasa nije kwenye kitu kinacholitofautisha lile banda na mengine, nacho ni meza. Kuna meza moja tu, ndefu, ya mbao za mpaina, na mabenchi pande mbili, hakuna cha kusema mi nakaa pekeangu kule kona. Ukifika unabanwa hapo hapo, kushoto kwako ndugu wa mshtakiwa, kulia kwako ndugu wa marehemu, mbele yako wakili kijana anakula haraka haraka tai kaitupia begani, askari aliyeleta mahabusu anasimama mlangoni anabebewa chai kwenye chupa. Makarani wa mahakama ni watu wa adabu, wakikaa pale wanaongelea mpira na bei ya mbolea tu. Sisi wengine tunaongelea kesi. Yaani shahidi akishuka kizimbani saa nne na nusu, saa tano kasoro ameshahukumiwa kwa mama.

Zamani kesi za mauaji Mahakama Kuu jaji alikuwa anakaa na wazee wa baraza, wanasikiliza ushahidi mwanzo mwisho afu kila mmoja anatoa maoni yake, jaji halazimiki kuyafuata ila lazima ayasikie. Sheria ilibadilishwa 2022, siku hizi sio lazima tena. Kuna mzee mmoja mwalimu mstaafu, mteja wa pale wa siku nyingi, yeye huwa anasema wazee wa baraza hawajafutwa, wamehamishiwa kwenye supu.

Na wanavyomkagua shahidi ni kama wanavyokagua chakula. Huyu ameiva, yule mbichi, yule kapashwa moto, yani kafundishwa jana usiku. Kakuna kichwa, muongo. Kaomba maji mara mbili, muongo. Kaongea bila kusita hata kidogo, huyo ndo muongo zaidi mana kakariri. Kalia, anaigiza. Hajalia, ana roho ngumu huyo hakufiwa. Sasa jamani shahidi afanyeje? Mi mwenyewe nimo, sijifanyi malaika, nimewahi kumkataa shahidi kwa sababu ya viatu.

Kesi iliyolijaza lile banda kuliko zote toka nilijue ni ya marehemu Daudi Mwangosi. Kwa wale mliokuwa wadogo, alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoa wa Iringa, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, kule Mufindi, ukipita na basi la Mbeya unapapita. Chadema walikuwa wanafungua tawi, kilikuwa kipindi cha sensa shughuli za siasa polisi wamezizuia, polisi wakaja kutawanya watu, na katika patashika ile bomu la machozi likamlipukia tumboni kwa karibu. Na kulikuwa na picha. Waandishi wenzake walikuwepo, gazeti likatoa picha askari wamemzunguka mtu yuko chini.

Ile picha mi nimeitoa kopi kwa mkono wangu. Kibanda kilikuwa kipya, mashine nimenunua ya mtumba, inatoa weusi, watu wanakuja na gazeti limekunjwa mara nne wanataka kopi moja moja za kupeleka kijijini, namwambia mtu hii haitatoka vizuri, ananiambia we toa. Inatoka nyeusi tititi, unaona kofia za chuma na miguu basi. Ila ukienda kwa mama unamkuta mtu kaitandaza mezani juu ya mafuta ya chapati anaonyesha kwa kidole, "huyu hapa ndo aliyefyatua". Mwingine anakataa, "sio huyo, huyu wa nyuma yake." Kwenye karatasi ambayo mimi niliyeichapa sioni hata sura moja! Na wanabishana mpaka supu inaganda mafuta.

Hapo ndo nilianza kumsikia mama na neno lake. Yeye hachangii mada, anapita na sufuria anaongeza mchuzi, ila mtu akizidisha sauti anamuuliza kitu kimoja tu, "Ulikuwepo?" Ukisema niliona kwenye picha anakwambia haya kula. Ukisema nimeambiwa na mtu aliyekuwepo anakwambia basi yeye ndo aje aongee, we kula.

Kesi ile ilichukua karibu miaka minne. Aliyeshtakiwa alikuwa askari mmoja tu, Pacificus Cleophace Simon, kijana wa miaka ya ishirini na kidogo, na meza ile swali lake la kila siku lilikuwa hilo hilo, mbona mmoja wakati kwenye picha wako wengi, na aliyewaongoza siku ile yuko wapi. Waziri wa Mambo ya Ndani aliunda kamati yake chini ya jaji mstaafu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ikachunguza kivyake ikasema haki za binadamu zilivunjwa, Baraza la Habari na jukwaa la wahariri nao wakafanya uchunguzi wao, kwa iyo mpaka kesi inafika hatua ya mashahidi kila mtu pale mezani alishakuwa na ripoti anayoiamini. Afu mshtakiwa akawa analetwa kafunikwa kichwa, ulinzi mkali, waandishi hawapati picha. Hilo liliwaudhi watu kuliko hata ushahidi wenyewe, nakumbuka mama mmoja muuza ndizi alisema mwizi wa kuku wanamleta uso wazi kijiji kizima kimuone, huyu anafunikwa kama maandazi.

2016 ndo kukachemka. Watu walitegemea shahidi atapanda na ile picha, ataweka kidole, kwisha. Badala yake kilichokuja kubeba uzito ni ungamo, yani maelezo aliyoyatoa mshtakiwa mwenyewe mbele ya mlinzi wa amani. Siku hiyo neno hilo lilipofika mezani palizuka kichekesho, jamaa mmoja fundi baiskeli akauliza kwa ukali kabisa, mlinzi wa amani katokea wapi Nyololo, si wako Darfur wale? Wakili kijana akapaliwa na chai. Akamweleza mlinzi wa amani kwenye mambo haya ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, mtuhumiwa akitaka kuungama anapelekwa kwake ili asiandikiwe na polisi wale wale waliomkamata, anahakikishiwa yuko huru, anaangaliwa hata kama ana majeraha, ndo anaandikwa. Fundi akasikiliza afu akasema, kwa iyo picha yote ile hatujaitumia? Kama vile yeye ndo aliipiga.

Julai 2016 Mahakama Kuu hapa Iringa ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, sio mauaji ya kukusudia, akapigwa miaka 15. Siku ile kwa mama hapakaliki. Nusu ya meza inasema miaka 15 kwa roho ya mtu, wakati kosa lenyewe adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha. Nusu inasema angalau, mlishaona wapi askari anafungwa nchi hii, na mwalimu mstaafu akaanza kuwakumbusha kesi ya ofisa wa polisi Zombe na wenzie, wale wafanyabiashara wa madini wa Mahenge na dereva teksi waliouawa Januari 2006, Mahakama Kuu 2009 ikawaachia washtakiwa wote, jaji mwenyewe akasema wauaji halisi hawajaletwa. Akasema ngojeni rufaa muone. Na kweli mwezi wa tisa mwaka ule ule wa 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja tu, Bageni, ila Zombe na wengine wakabaki huru, mzee akatembea na hilo mwezi mzima, kila anayekaa anaulizwa "nilisema sikusema?"

Kitu kimoja hakiongelewi pale na mimi ndo nakijua kwa sababu ya kazi yangu. Zamani shahidi anaongea Kiswahili, au Kihehe kinatafsiriwa, jaji anaandika Kiingereza. Watu wakija kutoa kopi za mwenendo wa kesi zao kwa ajili ya rufaa walikuwa wananiomba niwasomee. Kuna mama alisema mbele ya mahakama fulani "alimkwida", nilivyomsomea karatasi nikamwambia hapa imeandikwa alimshika shati. Akanitazama muda mrefu. Akasema, kushika shati hata mume wangu ananishika. Toka 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama kwa sheria, ila mafaili ya zamani yako vile vile, na meza ya mama inahukumu maneno ambayo hata kwenye faili hayajafika jinsi yalivyotoka mdomoni.

Haya, sasa kuna siku moja lazima niiseme hata kama ni aibu, mana nikisifia tu mtasema nimelipwa.

Mwaka juzi, kesi moja ya askari kudaiwa kumpiga mtu, siitaji mahakama gani wala nani. Shahidi alikuwa dada mmoja mdogo, miaka ishirini na ngapi sijui. Mi sikuingia nilikuwa na kazi, ila saa tano niko kwa mama na taarifa zote ninazo kutoka kwa waliotoka ndani. Wanasema alikuwa anaongea sauti ya chini mpaka kaambiwa aongeze, wakili wa utetezi kamuuliza umbali akasema hatua kumi, baadae akasema kama kutoka hapa mpaka mlangoni, na huo mlango uko karibu. Basi meza ikamchinja. Kafundishwa. Kalipwa. Mwingine akasema huyo lazima alikuwa na uhusiano na aliyepigwa, wanawake wanajulikana. Na mimi nikachangia, nikasema, nakumbuka kabisa, mtu aliyeona kitu kweli haongei chini chini vile. Mimi ambaye sikumsikia.

Mwisho wa benchi kulikuwa na dada kafunga kitenge begani kwa sababu ya baridi, ana kikombe cha chai ya tangawizi na chapati hajaimega. Akakiweka kikombe chini. Hakugeuka kumwangalia mtu. Akasema, kwa sauti hiyo hiyo ya chini, "Mimi nilikuwepo."

Basi. Akatoa noti ya elfu moja akaiweka chini ya kikombe akanyanyuka. Mama akamfuata mpaka nje na ile noti kairudisha mkononi mwake, tukawa tunawaona kupitia mwanya wa mabati wamesimama, mama kamshika kiwiko, hatusikii wanachoongea. Aliporudi hakutugombeza. Alizunguka meza akakusanya bakuli zote, hata zilizokuwa bado zina supu, ya kwangu ilikuwa nusu na mfupa sijaufikia, akazipeleka kwenye karai la vyombo akamwaga. Hakuna aliyesema kitu. Tukalipa wote bei kamili.

Wiki ile sikwenda, nilikunywa chai ya kibandani na mkate. Nikarudi Jumatatu, mana njaa haina aibu, mama akaniuliza ng'ombe au utumbo kama kawaida.

Sasa lalamiko langu. Juni 2025, siku ile hukumu ya Mtwara imetoka. Wengi mnaijua, maofisa na askari wa polisi saba walishtakiwa kumuua Mussa Hamisi, kijana mfanyabiashara wa madini wa kule Nachingwea aliyekuwa anadai hela zake, zaidi ya milioni 33, Mahakama Kuu Mtwara ikawahukumu wawili kunyongwa, watano ikawaachia. Vijana walikuwa na simu wanasoma kwa sauti, meza imejaa, mahakama ya kwetu siku hiyo hata haina kesi ya maana. Na mada ikawa mashahidi. Jamaa mmoja anashikilia askari hawezi kumtolea ushahidi askari mwenzie hata siku moja, mwenzie anamwambia sasa hao wawili wametiwa hatiani na ushahidi wa nani, wa mapadri? Mwingine anataka kujua inakuwaje kesi moja mashahidi wale wale, wawili kitanzi watano nyumbani, hiyo mahakama imeamini nusu ya mdomo wa mtu? Wakili wetu, sio kijana tena siku hizi ana kitambi, akasema ndio, ushahidi unapimwa kwa kila mshtakiwa kivyake, shahidi anaweza akaaminika lakini alichokiona hakikufikii wewe. Hawakumuelewa, ila mi nilimuelewa na nikataka waone nimeelewa, nikadandia. Nikasimama kabisa. Nikasema mi kwangu mashahidi wawili wakipishana hata kitu kidogo, saa, rangi, idadi, basi wote waongo natupa kule, nimekaa jirani na mahakama miaka kumi na tatu hakuna wa kunidanganya. Niliongea kama dakika kumi na tano hivi, huku nakula.

Bili ikaja. Supu 3000, chai 500, chapati tatu 1500. Nikasema chapati nimekula mbili.

Yule dada anayehudumia, ambaye oda zote anaandika kichwani, akasema tatu, nimekuletea mbili afu ukaongeza moja wakati umesimama. Jamaa wa pembeni yangu akanitetea, mbili, nilikuwa namwona. Bodaboda wa mbele akasema nne. Nne jamani! Anasema alinihesabu kwa sababu alikuwa anasubiri sahani ya kachumbari iliyokuwa karibu yangu. Mwalimu akasema yeye aliona natafuna muda wote ila kilichokuwa mkononi hakukitazama, nikamshukuru kwa hilo kwa kweli. Dada akaonyesha sahani, sahani tupu, chapati haiachi mfupa.

Mama akaja na mwiko mkononi. Nikajua anakuja kuwauliza wao ulikuwepo, mana nao wanajifanya kuhesabu midomo ya watu. Akaniuliza mimi. "Wewe si ulikuwepo? Umekula ngapi?"

Nikafungua mdomo. Wallahi nilikuwa sijui. Nilikuwa najua mbili mpaka aliponiuliza, nilipoulizwa nikaanza kuona ya kwanza nachovya, ya pili nachovya, afu mkono wangu uko hewani naongelea Mtwara na kuna kitu kwenye huo mkono. Meza nzima ikapasuka kicheko, fundi baiskeli akasema mshtakiwa anaungama, muiteni mlinzi wa amani.

Wakili akanipiga bega, akanieleza bure kitu ambacho ofisini kwake ningelipia. Kwamba mahakama zetu hazimtupi shahidi kwa kila kupishana, watu watatu wakisema sawasawa neno kwa neno ndo hakimu anaanza kujiuliza, kinachotazamwa ni mkanganyiko unaogusa mzizi wa kesi. Na Mahakama ya Rufani ilishasema toka 2006 kila shahidi anastahili kuaminiwa mpaka kuwe na sababu ya msingi ya kutomuamini, na Sheria ya Ushahidi haitaki idadi maalum ya mashahidi, mmoja akiaminika anatosha. "Sasa hapa," akasema, "kwamba umekula chapati hakuna anayebisha, mzizi upo. Hii mbili tatu nne ni matawi." Nikamwambia matawi ni shilingi mia tano yangu. Akasema ndo maana kuna rufaa, akaondoka, na chai yake akaniachia nilipe. Sikulalamika kwa mama kuhusu hiyo chai ila naiandika hapa.

Nililipa tatu.

Kwa iyo nyota nne kwa chakula, ingekuwa tano kama si wali na yale maji ya kunawa. Huduma tatu na nusu, wana haraka na wana lugha nzuri, shikamoo yako inaitikiwa hata wakiwa na foleni, ila mama nunua daftari la bili jamani, la mia tano tu, hata mimi nina uwezo wa kukuchapia bure. Hukumu za mezani nyota mbili na hizo mbili zote ni za mama na wakili. Kama una kesi na we ndo shahidi, nenda mapema saa moja kabla wale wenye midomo hawajafika, au muombe mama akubebeshee kwenye kontena, anao ukiuliza. Utumbo Jumatatu haupo. Ijumaa kuna nyama ya mbuzi, inaisha saa sita. Kama umetoka mbali, Mafinga, Makete huko, mwambie, anakuongezea mnavu.

Na mkimkuta yule dada wa kuhudumia mwambieni yule wa kopi anasalimia, na bado anasema mbili.